Jambo kwanza, fishi nyuma
(Maneno ya mutumishi wa tereni mbele ya mukutano wa wanachama, Nguba)



Nimeombwa niseme juu ya adabu, sababu kila mukutano kuko mutu anayesimama kulalamika: watoto wa leo hawasalimie tena, wanapita mbele ya wazee, macho kwenye simu. Ni kweli, nami ninaona. Lakini leo sitaanza na watoto. Nitaanza na mimi mwenyewe.

Mwaka jana nilitumwa kuandikisha familia zilizorudi. Siku ile nilikuwa na fishi 30 za kumaliza mbele ya saa kumi. Nikaingia katika parsele moja, kwenye njia ya kushukia Ruzizi, bila kupiga hodi. Mutoto mwanamuke, miaka kama 8, alikuwa anaosha sahani. Akasimama, akapangusa mikono, akasema: «Shikamoo.»

Nikacheka. Hapa Bukavu hatuna hiyo desturi: sisi tunasema jambo, na kwa Mashi tunasema asinge. Sikuitikia. Niliuliza tu: «Hapa nyumbani muko wangapi?»

Mama muzee akatoka ndani. Akaniambia pole pole: «Mwanangu, huyu mujukuu wangu alizaliwa Nyarugusu. Kule mutoto anatoa shikamoo, mukubwa anaitika marahaba. Hapa akiitoa, wenzake wanamucheka. Sasa na wewe uliyesoma umecheka. Kesho ataacha kusalimia, na mutasema watoto wa wakimbizi hawana adabu.»

Nilikosa la kujibu. Nikatoka mpaka kwenye kiingilio, nikapiga hodi, nikaanza upya. Mutoto nikamuambia marahaba. Hakuinua macho.

Wandugu, Nyarugusu iko Kigoma, Tanzania. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996, wakati vita vilifukuza wengi wetu wa Kivu ya Kusini ngambo ya Ziwa Tanganyika. Kuko waliokaa kule miaka mingi, wakazaa, wakalea. Wengine walikimbilia Burundi, wakazoea kusema amahoro. Kila mutu amerudi na salamu ya fashi iliyomupokea. Mutoto anayekupa ile salamu anakupa heshima yote aliyofundishwa. Ukinyamaza, ama ukicheka, wewe ndiwe unamufundisha kuacha.

Na si watoto peke yao. Yule mama alikuwa mwanachama wetu, lakini alikuwa hafiki tena kwenye mikutano. Sisi tulisema hana nia. Siku ile nikajua sababu. Alikuja kuomba musaada wakati wa ugonjwa. Tukamuuliza mbele ya foleni yote michango yake ya nyuma, hata pole hatukumupa. Akarudi kwake. Alilala kitandani wiki tatu, na hakuna mutu wa komite aliyejua. Chama cha kusaidiana kilimupoteza mutu kwa kukosa neno moja la silabi mbili.

Kwa hiyo naomba tupatane hapa hapa. Mutumishi ama mutu wa komite akifika kwa mutu, hodi na jambo vitangulie fishi. Deni la mwanachama liulizwe pembeni, si mbele ya watoto wake wala kwenye bomba la maji. Na mutoto akisalimia kwa lugha yoyote, mukubwa aitikie. Kama hujui jibu lake, muulize, atafurahi kukufundisha.

Nanyi wafadhili, mukiona siku moja raporti inasema familia 20 pahali pa 30, musifikiri tulilala. Salamu inakula wakati. Lakini familia ile tuliyoisalimia inatuambia ukweli wa shida yake, na kesho inatufungulia tena mulango.

Juzi nilimukuta yule mutoto kwenye soko ya Nguba, pamoja na mama muzee. Nilitangulia mimi kumusalimia. Akaitikia jambo, kwa sauti ndogo sana. Ile shikamoo yake bado hajanirudishia. Ninaingojea.