Fedha Zisizo na Risiti: Maneno kwa Wafanyabiashara wa Makadara



Hatukuja hapa Makadara kuwaambia msilipe ushuru. Ushuru wa halali ndio wa kuzolea taka za Marikiti na kuwashia taa za barabarani, ijapokuwa mara nyingine taka twaziona na taa hatuzioni. Tumekuja kwa ajili ya zile fedha zinazodaiwa mkononi, bila risiti, kwa tishio kwamba karai la viazi litapinduliwa na mkokoteni utachukuliwa. Wengi wenu mmezoea kuziita ada. Sisi twasema ni jinai.

Kifungu cha 210 cha Katiba ya 2010 chakataza kodi yoyote au ada ya leseni kutozwa ila kwa mujibu wa sheria. Basi mamlaka ya mtoza ushuru hayatoki katika sare yake wala katika ukali wa sauti yake. Yatoka katika sheria iliyopitishwa na Bunge la Kaunti, na kiwango kimeandikwa humo. Nacho kifungu cha 207 chataka mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti. Shilingi 50 iliyotiwa mfukoni itafikaje huko?

Lipo jambo gumu, nalo hatutalificha. Kwa Sheria ya Hongo ya 2016, mpokeaji na mtoaji wote wana kosa, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10, au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Ikiwa ada halali ni shilingi 100, nawe ukampa mtozaji 50 ili asikukatie risiti, mmeiibia kaunti nyote wawili. Lakini mama aliyekwisha kulipa, risiti i mkononi mwake, kisha akatishwa atoe tena, huyo si mshirika wa mwizi. Ameporwa. Watozaji waovu hawapendi mwijue tofauti hii, maana ngao yao ni hofu yenu kwamba mkishtaki mtafungwa pamoja nao.

Kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991, wengi walidhani vyama vingi vitaikomesha desturi hii. Mwaka 2013 manispaa iliondoka, kaunti ikaingia. Mkono ulionyooshwa ukabaki palepale.

Kwa hiyo andikeni: tarehe, saa, mahali, kiasi, nambari ya kitambulisho cha mtozaji, na nani aliyeshuhudia. Hifadhini kila risiti. Iombeni kaunti orodha ya ada zake. Kifungu cha 35 chawapa haki hiyo. Viongozi wa makanisa na misikiti waibandike mlangoni. Kisha mwende ofisi ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi iliyopo hapa Mombasa, nanyi msiende mmoja mmoja. Mchuuzi mmoja hutishwa jioni hiyohiyo. Kumi ni vigumu.

Tutabaki hapa hadi magharibi. Mwenye risiti na azilete, tuzisome pamoja.