SAFARI YA BAISKELI KUTOKA NYAKATO MPAKA PWANI

Watu wengi hutuuliza jinsi mtu, mkewe na watoto wao wawili walivyoweza kutoka Nyakato, hapa Mwanza, wakafika Dar es Salaam kwa baiskeli. Njia hiyo hupita Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, na urefu wake ni kama kilometa 1,150, yaani zaidi ya maili 700. Sisi tuliipita mwezi wa Juni 2018, mtoto wetu mdogo akiwa na umri wa miaka 11.

Jambo hili si jipya. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walikwenda pwani kwa miguu wakichukua pembe za ndovu, na wengi walifuatana na wake zao na watoto. Waliondoka alfajiri, wakapiga kambi kabla jua halijawa kali. Nasi tulifuata desturi hiyo, maana wakati wa kiangazi huvuma upepo wa kusini-mashariki, na aendaye pwani hukutana nao usoni. Asubuhi upepo huo ni mdogo. Ifikapo adhuhuri, kilometa moja huchosha kama tatu.

Kila baiskeli ilikuwa na breki nzima mbele na nyuma, na keria madhubuti. Tulichukua pampu, viraka, gundi, mipira ya ndani, spoki, na mnyororo wa akiba. Asiyejua kuziba pancha haifai aende mbali na kwao. Kwa hiyo watoto walifundishwa kazi hiyo uani mwezi mzima kabla ya kuondoka.

Mpaka Shinyanga hatukuona taabu kubwa. Tangu Tinde malori yaendayo Rwanda na Burundi ni mengi. Tulikwenda mstari mmoja upande wa kushoto, mtoto mdogo mbele, baba nyuma. Tuliposikia lori nyuma yetu na kuona jingine likija mbele, tulitoka barabarani tukangoja yapite.

Shida ilitupata Igunga. Mbele yetu ilikuwa mbuga ya Wembere yenye joto, kisha mlima wa Sekenke, na mtoto mdogo alikuwa akiumwa magoti. Baba alitaka mtoto apande basi pamoja na mama, wakatungoje Singida, ili hesabu yetu ya siku isiharibike. Mama akakataa, akasema, "Siku na zizidi, lakini watu wasipungue." Tukashauriana hata usiku, kisha tukakubaliana. Tulipumzika siku mbili, tukagawana mzigo wa mtoto, akabakiwa na chupa yake ya maji tu. Siku ya tatu tulivuka Wembere mapema. Tulipofika Sekenke tulishuka sote, tukasukuma baiskeli polepole, tukipumzika kila tulipoona kivuli. Mtoto alifika juu kwa miguu yake mwenyewe.

Baada ya Manyoni njia hushuka kuelekea bonde la Bahi, na hapo hatari ni mwendo wa kasi. Tulifunga breki kidogo kidogo, tukasimama mara kwa mara ili zipoe.

Tulifika Dar es Salaam siku ya 25. Siku tano katika hizo zilikuwa za kupumzika. Kwa hiyo kila siku ya mwendo tulikwenda kilometa 57 hivi.

Basi, wazazi wanaopenda kujaribu wasiipime safari kwa nguvu za baba, bali kwa nguvu za mtoto mdogo. Walio karibu nasi na waende kwanza Magu, yapata kilometa 60 kutoka Mwanza, walale huko, kisha warudi. Atakayechoka kuliko wenzake katika safari hiyo, huyo ndiye awapangie siku za safari kubwa.

Kwaherini.