Tangi la Samaki la Mtumba
Tangi la kioo la mtumba huja na ukoko mweupe pale maji yalipokuwa yakiishia. Hiyo ni chokaa. Sabuni haiiwezi, tena mabaki yake hudhuru matamvua ya samaki. Kiboko yake ni siki nyeupe: kitambaa kilicholowa siki kikibandikwa dakika 15 hivi, chokaa hulainika, ikakwanguliwa kwa kadi ya plastiki.

Wembe? Ukae mbali na silikoni ya kwenye kona.

Tangi lililowahi kuwa na samaki wagonjwa huoshwa kwa jiki iliyozimuliwa, sehemu 1 kwa maji 9. Isichanganywe na siki hata kidogo, maana hutoa gesi ya sumu. Baada ya kusuuzwa sana na kuanikwa, tangi hujazwa maji, likaachwa saa 24 juu ya magazeti makavu. Gazeti likilowa, kuna mshono unaovuja.