Mahabusu Asiye na Lugha: Fasihi na Mhamiaji Aliyefungwa



Nilizaliwa Igogwe, wilayani Rungwe, penye ukungu na migomba. Barabara kuu ikatizayo wilaya yetu, kutoka Mbeya kupitia Kiwira na Tukuyu, huelekea mpakani Kasumulu. Ng'ambo ni Malawi. Kwa miaka mingi vijana wa Ethiopia na Somalia waendao Afrika Kusini wamesafirishwa kwa siri katika njia za kusini kama hii. Wanaokamatwa hupelekwa mahakamani, kisha gerezani. Wengine hawafiki hata huko. Juni 2012 miili zaidi ya 40 ilikutwa mkoani Dodoma. Walikosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, huko Tete, Msumbiji, kontena lililotokea Malawi lilifunguliwa likiwa na maiti 64.

Magazeti yetu huwaita watu hawa "wahamiaji haramu". Naomba tulitazame neno hilo kwa jicho la taaluma. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 humtaja mhamiaji aliyepigwa marufuku, yaani aliyekatazwa kuingia. Marufuku hukihukumu kitendo. Haramu, katika matumizi yetu, humganda mtu mwenyewe, kama nyama isiyolika. Mzizi wake ndio uliotupa haramia na mwanaharamu. Neno mahabusu nalo lina ajabu yake: ni mfungwa, na pia ni mahali alipofungiwa. Mtu na chumba vimekuwa kitu kimoja. (Shangazi yangu, ambaye hakusoma, aliwaona vijana wa aina hiyo wakishushwa katika gari akasema tu, "Watoto wa watu." Sijapata istilahi bora kuliko hiyo.)

Fasihi ya Kiswahili inalijua gereza. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa kijikaratasi alichokiita "Kenya: Twendapi?", akatunga mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakachapishwa 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki". Lakini yule alifungwa na watu wa lugha moja naye. Walinzi wangeweza kumsoma, na ndiyo sababu alijificha.

Mfungwa wa uhamiaji ana hali nyingine, na aliyeichora vizuri kuliko wote ni mwana wa Zanzibar aandikaye kwa Kiingereza. Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, "By the Sea" (2001), mzee Saleh Omar anatua Gatwick kwa pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Ofisa anampokonya kijaluba cha udi. Mzee anakijua Kiingereza, ila ameshauriwa ajifanye hakijui. Basi anakaa kimya, akisikia yote yasemwayo juu yake. Wanaomshughulikia wanahangaika kumtafutia mkalimani. Hapo Gurnah amefanya jambo ambalo ripoti haiwezi kulifanya: ukimya tunaoudhani kuwa ni ujinga ameugeuza kuwa mali ya mwisho ya mfungwa. Kwangu mimi, sura hizo za mwanzo zinazidi kwa uzito picha zote za vijana waliochuchumazishwa mbele ya kamera.

Gurnah huyo huyo alichangia kitabu "Refugee Tales" cha 2016, kilichotokana na matembezi ya pamoja ya waandishi na watu waliowahi kuzuiliwa nchini Uingereza, ambako sheria haijaweka ukomo wa jumla wa muda wa kizuizi cha uhamiaji. Mwandishi husikiliza, kisha husimulia. Mwenye kisa hatajwi jina. Wapo wanaolalamika kwamba huku ni kumnyang'anya mtu sauti yake. Hoja hiyo naiheshimu, lakini siikubali. Aliye hatarini kurudishwa ana haki ya kufichwa.

Nirudi nyumbani. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, jambo tulilolipigania wengi wetu humu ukumbini. Sasa mfikirieni kijana wa Kihadiya au wa Kikambata, kutoka kusini mwa Ethiopia, kizimbani. Shtaka lasomwa kwa Kiswahili chetu tulichokishangilia. Akipatikana mkalimani, yaelekea atakuwa wa Kiamhari, ambacho nacho kwa kijana huyu ni lugha ya kujifunza. Anaulizwa: ni kweli au si kweli? Anatikisa kichwa. Karani anaandika.

Tamthilia ya Kiswahili ianziayo kwenye kichwa hicho kinachotikiswa sijaisoma bado. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wawili wameanza kuiandika, nao wamekwama kwenye swali moja: kijana huyo, jukwaani, aseme lugha gani?