Mkanda wa Umeme Hauondoi Kitambi Peke Yake
Hotuba ya afisa wa lishe wa kaunti kwa wahudumu wa afya ya jamii



Huko vijijini na mitaani mnaulizwa kuhusu mikanda ya umeme inayouzwa kwa ahadi ya kuondoa kitambi. Jibu letu ni hili: umeme huo hukaza misuli, hauyeyushi mafuta. Kinachopunguza mafuta ni kula kalori chache kuliko zile ambazo mwili unatumia.

Hata hivyo, anayepunguza chakula hupoteza mafuta pamoja na misuli. Hapo ndipo mashine hii inaweza kusaidia, hasa kwa mtu anayeumwa na magoti asiweze kufanya mazoezi. Aitumie akiongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia, huku akila protini ya kutosha: maharagwe, ndengu, mayai, omena. Anayeweza kutembea atembee, angalau dakika 150 kwa wiki.

Waambieni waanze na sahani: ugali upungue, mboga ziongezeke, soda iachwe.

Nawasihi, hawa wasijifunge mkanda huo kabla ya kumwona daktari: mama mjamzito, mwenye kifafa, na aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Naye anayetumia insulini asipunguze chakula kwa kukisia. Sukari ikishuka ghafla, anaweza kuzirai.

Pesa za mkanda zisiinyime familia chakula bora. Mtu akiuliza, mwelekezeni kwanza katika kituo cha afya apimwe uzito, shinikizo la damu na sukari.