Saa Mbili Usiku ni Saa Ngapi? Daftari la Kidijitali la Msikilizaji wa Masafa Mafupi

Mada kwa semina ya wasikilizaji wa redio, Kasoli, Bariadi

Naanza na kosa langu. Niliwahi kuipelekea stesheni moja ya ng'ambo ripoti ya usikivu, nikiomba kadi ya uthibitisho, ile tuitayo QSL. Niliandika 02:00, maana ilikuwa saa mbili usiku na kuku wamekwisha lala. Wakanijibu kwa adabu kwamba muda huo mitambo yao huwa imezimwa. Kosa halikuwa lao. Saa mbili usiku ya Kasoli ni 20:00 kwa saa za Afrika Mashariki, na ni 17:00 UTC, saa wanayoandikia wasikilizaji wa dunia nzima.

Ndiyo maana nasisitiza safu ya muda katika daftari kabla ya kubishana programu ipi ni nzuri. Jedwali la kawaida kwenye simu latosha. Saa za mchana ongeza 3: saa moja asubuhi ni 04:00. Za usiku ongeza 15: saa moja usiku ni 16:00. Saa tisa usiku inagonga 24, yaani 00:00, na hapo ndipo tarehe ya UTC inapogeuka. Kuanzia hapo toa 24. Ulichosikia saa nane usiku wa kuamkia Jumatano kiandike 23:00, Jumanne. Badilisha papo hapo, usiseme nitarekebisha kesho. Tarehe ianze na mwaka, 2024-03-09, ili simu iipange yenyewe. Masafa yawe namba tupu.

Kisha kuna safu ya SINPO, kipimo cha mapokezi chenye tarakimu tano za 1 hadi 5: nguvu, mwingiliano, kelele, kufifia, na usikivu kwa jumla. Namba kubwa ndiyo nzuri, hata kwenye kelele: 5 maana yake hakuna kelele. Wengi wetu hugawa 55555 kwa mapenzi tu. Zima taa za LED na chaja ya sola, sikiliza tena, kisha andika. Mvua zikianza, radi za Ziwa Victoria zitakushushia tarakimu ya tatu hata kama betri ni mpya.

Safu ya maelezo ndiyo ushahidi wako. Ukikuta taarabu kwenye 11735 kHz, mkono utawashwa kuandika ZBC, Zanzibar, kwa kuwa wasikilizaji wa Ulaya na Marekani wameinasa hapo mara nyingi. Subiri jina litajwe. Lisipotajwa, andika "haijatambuliwa" na utaje ulichosikia.

Faida ya daftari huonekana baadaye. Kituo cha kurushia matangazo cha Deutsche Welle mjini Kigali kilifungwa Machi 2015. Aliyekuwa na daftari anaweza kuonyesha idhaa ile ilivyoshika hapa kabla na baada. Sisi wengine tuna hadithi tu.

Kuhusu redio za kupokelea masafa kupitia mtandao, kama ile ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi: sikiliza, lakini iwekee alama yake. Sikio ni lako, eriali ni ya Uholanzi.

Nakala weka kwenye kadi ya kumbukumbu kila wiki. Simu huibwa, huanguka kisimani.

Sasa toeni simu. Ni saa tisa alasiri. Nani ataniambia ni saa ngapi UTC?