Benki Ikifungwa, Fedha Zetu Zitakuwaje?



Wanachama wengi hutuuliza: benki ikifungwa, fedha zetu za mazao zitakuwaje? Swali hilo si la kubuni. Mnamo Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ndiyo itoayo leseni kwa mabenki na kuyakagua, ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji. Mojawapo ilikuwa ya wakulima wa Kagera. Wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilimfidia kila mwenye akiba hadi shilingi 1,500,000. Tangu 2023 kikomo ni 7,500,000. Kilichozidi hungoja mali ya benki iuzwe.

Lakini bima hiyo haiufikii mfuko wa chama cha akiba na mikopo. Huko walinzi wa kwanza ni sisi wenyewe, tunaosomewa hesabu mkutanoni, na pengine twasinzia.